Rupia Iliyooshwa kwa Maziwa

Mume wangu alifia kitini, kioo cha kukuzia kikiwa mkononi, na wanaume wa chama cha wakusanya sarafu hapa Indore wakasema kilichomuua ni aibu. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Kwa aliyechelewa kuingia nitayasema kwa ufupi, maana machozi mengine bado nayahitaji.

Naitwa Sulochana Kothari. Marehemu aliitwa Sumatilal, lakini mimi, kwa adabu ya mke, sikupata kulitamka jina hilo hata siku moja akiwa hai. Nilimwita Baba Charu, kwa jina la binti yetu aliyeolewa mjini Surat.

Baba Charu alikuwa na rupia moja ya fedha ya mwaka 1939, yenye kichwa cha mfalme wa Waingereza. Za mwaka 1938 zimejaa tele, hata kwenye mikufu ya bibi zetu utazikuta. Za 1939 ndizo za kutafutwa kwa tochi mchana. Kwa hiyo mafundi wabaya huchukua ya 1938, wakakwangua ile nane ya mwisho, wakabandika tisa kwa lehemu.

Mwanzoni mwa mvua, Trilok Bhandari, rafiki yake wa tangu ujana, alisimama mbele ya chama kizima akasema tisa ya Kothari imebandikwa.

"Kama namsingizia, aipeleke kwa wapimaji Mumbai," alisema. "Ikirudi na muhuri, nitamwomba radhi hapa hapa, mbele yenu."

Hao wapimaji ndio huichunguza sarafu, wakaipa daraja lake, wakaifungia ndani ya kisanduku cha plastiki kisichofunguka. Wakisema ni ya kweli, ubishi umekwisha. Wakisema ni ya kughushi, ubishi pia umekwisha, ila wewe huna pa kuweka uso.

Baba Charu hakuipeleka. Nilimuuliza kwa nini.

"Mtu hupeleka sarafu kupimwa akitaka kuiuza. Mimi siiuzi."

"Basi ipeleke uwafunge watu midomo."

"Mama Charu, midomo ya watu haina kifuniko."

Akageukia ukutani. Mvua haikuisha, naye akaaga dunia.

Watu wakasema kimya chake kilikuwa jibu. Kwenye matanga walikuja, wakaketi, wakanywa maji yetu, wakatazamana. Mmoja alithubutu kunong'ona nikimsikia, "Angekuwa na haki angeipeleka."

Sasa nitasema jambo ambalo mke mwema halisemi. Watu kumwita mume wangu mwongo siko kulikoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mimi mwenyewe sikujua. Nimepika chapati za mtu huyo tangu nina miaka ishirini, najua alivyokohoa, najua upande aliolalia, lakini nikijiuliza kama angeweza kuitoa rupia ya kubandikwa akasema ni ya kweli, moyo ulinyamaza. Ukimya huo ndio ulionitesa.

Nikakata shauri. Kila mwaka baada ya Diwali chama hufanya maonyesho, na wapimaji humtuma mtu wao kuja kupokea sarafu za watu. Nikasema mwaka huu nitaipeleka mimi, kwa mkono wangu, Bhandari akiwepo. Iwe heri, iwe shari, nijue nililala na nani miaka yote hiyo.

Laiti ningeipeleka wiki ile ile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi niliyangojea maumivu yangu kwa utaratibu kabisa.

* * *

Siku ya Dhanteras, kabla ya Diwali, kila nyumba ya wafanyabiashara huosha fedha zake ili Lakshmi, mleta neema, akija azikute zimetakata. Miaka yote Baba Charu aliificha ile rupia asubuhi ya siku hiyo. Mwaka huu mfichaji hakuwepo, nami nilikuwa nimeshughulika na kulia.

Nilipofungua kabati nikakuta kijaluba cha bluu cha rupia ile kiko wazi. Ndani hamna kitu.

Nikaenda mbio kwa mama mkwe. Alikuwa ameketi chini jikoni, sari yake nyeupe imekunjwa hadi kwenye viwiko, mabakuli yamemzunguka. Macho yake yamekwisha. Anatambua mtu kwa nyayo.

"Mama, rupia iliyokuwa kwenye kijaluba cha bluu iko wapi?"

"Ipo na wenzake. Inaoga."

"Inafanya nini?"

"Inaoga, mwanangu. Masikini, ilikuwa imeshika kutu ya miaka, kidole kilikuwa kinakwaruza. Nimeianza kwa maziwa, nikaja na ukwaju, nikamalizia na majivu. Nimesugua mpaka bega limekataa. Hebu itazame."

Akanyoosha kiganja. Rupia ilikuwa inang'aa, imepakwa manjano na unga mwekundu wa ibada katikati ya paji la mfalme.

Nikakaa sakafuni.

Mke wa mkusanya sarafu hujifunza mambo hata asipotaka. Sarafu ya fedha ikikaa miaka mingi huvaa weusi wake yenyewe, na weusi huo ndio heshima yake. Ukiusugua umeivua nguo. Wapimaji wataandika juu ya kisanduku kwamba imeoshwa, na daraja hawatatoa.

Hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni kwamba fundi anayebandika tarakimu naye huisugua sarafu nzima, afute alama za moto. Bhandari angeitazama mara moja tu akasema, "Mnaona? Mume alibandika, mke amefuta."

"Mbona kimya?" mama mkwe aliuliza. "Haijatakata?"

"Imetakata, Mama."

"Mwanangu alikuwa ananikataza kila mwaka. 'Mama, osha zote isipokuwa hii.' Nikasema leo, yeye hayupo, basi angalau kitu chake kisiikose neema kwa uchafu." Sauti ikamkatika. "Nilikuwa kama namwogesha yeye."

Nilikuja jikoni na maneno makali mdomoni. Niliyameza yote. Utamwambia nini mama aliyemwogesha marehemu wake kwa maziwa?

* * *

Jioni alikuja shemeji yangu Navratan, mdogo wake Baba Charu. Huyu ni sonara katika soko la Sarafa, mtu wa maneno mengi na kazi kidogo. Nikamvuta ukumbini nikamwonyesha.

Akapiga mluzi. "Lo! Mama ameisugua kama sufuria ya harusi."

"Usicheke, shemeji. Jina la kaka yako limo humu."

"Sicheki. Nalia kwa mtindo wangu." Akaigeuza geuza. "Dawa ipo. Fedha iliyong'aa hurudishwa weusi. Ukifanya taratibu, inaonekana imelala kabatini tangu Waingereza waondoke."

"Dawa gani?"

Akatazama mlango wa jikoni. Akashusha sauti. "Yai."

"Nini?"

"Nimesema yai. Usinilazimishe kulitaja mara mbili katika nyumba ya mama yangu."

Ndugu msomaji, sisi ni Wajaini, watu wa dini inayokataza kudhuru kiumbe chochote. Nyumbani kwetu hata kitunguu hakivuki kizingiti, sembuse yai. Mama mkwe huchuja maji ya kunywa kwa kitambaa asije akameza mdudu. Mimi nilikuwa nimefikia umri wa kuitwa bibi bila kuligusa yai hata kwa bahati mbaya.

"Linachemshwa likiwa gumu," Navratan akaendelea, macho bado mlangoni. "Linapondwa, linatiwa kwenye chupa pamoja na rupia, vikiwa havigusani. Unafunika. Mvuke wake ndio unaofanya kazi. Sisi sokoni hutumia dawa nyingine, lakini hiyo inakula haraka na mpimaji anaitambua."

"Na ya yai haitambui?"

"Kama Mungu yuko upande wetu."

"Shemeji, Mungu gani huyo wa yai?"

"Basi acha. Ipeleke iking'aa hivyo hivyo, usikie watakavyomwita kaka."

"Kalinunue wewe."

"Mimi? Nina duka! Mteja akiniona na yai mkononi nitauza fedha kwa nani mji huu?"

Akaaga. Wanaume wa ukoo wetu wana kipaji cha kuliacha jambo pale linapoanza kuwa zito.

* * *

Kesho yake nikachukua bajaji hadi nyuma ya stesheni, ambako hanijui mtu. Nilijifunika sari mpaka puani. Muuza mayai alikuwa kijana mwenye masharubu membamba.

"Karibu, mama. Trei ngapi?"

"Moja."

"Trei moja."

"Yai moja."

Akanitazama. "La mgonjwa?"

"La nywele. La kupaka."

"Nywele zote hizo kwa yai moja? Chukua hata manne, mama, usijinyime."

"Moja linatosha. Linachemshwa muda gani mpaka liwe gumu?"

Akaacha kufunga gazeti. "La nywele halichemshwi, mama."

Damu ilinipanda masikioni. Nikamtupia pesa, nikapokea yai langu, nikakimbia bila chenji. Alikuwa anacheka nyuma yangu, na mimi ningecheka pia kama ningekuwa mtu mwingine.

Njiani nililipakata ndani ya sari. Lilikuwa jepesi mno kwa dhambi iliyokuwa ndani yake. Kila bajaji ilipoingia shimoni nililishika tumbo kama mjamzito.

Nililichemsha juu ya paa, kwenye kopo la zamani la rangi, ili sufuria ya nyumbani isinajisike. Nikaliponda kwa jiwe. Harufu ilipotoka nilitapika. Nikatia kila kitu kwenye chupa ya achari, rupia ikalala juu ya kifuniko cha chupa nyingine, nikafunika, nikaficha nyuma ya tangi la maji. Kisha nikaoga kuanzia kichwani na kuitupa sari niliyokuwa nimeivaa.

Usiku wa Diwali, usiku ambao sisi twaukumbuka kwa kuwa Mahavira, mwalimu wetu mkuu, aliaga dunia hii akapata ukombozi, watu wote wa mtaa walikuwa wamewasha taa. Mimi nilikuwa na yai juu ya paa.

Mama mkwe alikuwa anasali. Akanyamaza ghafla, akainua pua.

"Sulochana, kuna kiumbe kimekufa nyumba hii."

"Kiumbe gani, Mama?"

"Panya, au ndege. Kinaoza. Harufu inatoka juu. Nenda kaangalie, kama tumekiua sisi nifunge saumu kesho."

"Ni fataki, Mama. Watoto wa jirani wanawasha fataki. Baruti ndivyo inavyonuka."

Akanusa tena. Barabarani fataki zikalipuka mfululizo, nikazishukuru moja moja.

"Labda," akasema. "Lakini nitafunga tu. Kama si kwa kiumbe, basi kwa ajili ya mwanangu."

Akafunga kweli. Siku nzima hakutia kitu mdomoni, kwa ajili ya yai langu. Nilimtazama akiwa amelala kwenye kitanda chake cha kamba, nikajiona mimi ndiye ninayenuka.

* * *

Asubuhi iliyofuata, siku ya mwaka mpya wetu unaokuja baada ya Diwali, nikapanda paani. Nikafungua chupa, nikaitoa rupia, nikaifuta kwa pamba.

Navratan hakuwa mwongo. Uso wa mfalme ulikuwa umeingia rangi ya asali iliyoiva, ukingoni ikageuka buluu, kisha weusi. Ungedhani haijaguswa na mkono wa mtu. Nilicheka peke yangu juu ya paa kama mwendawazimu.

Kisha nikaigeuza upande wa mwaka.

Moja ilikuwa nyeusi. Tisa ya kwanza ilikuwa nyeusi. Tatu ilikuwa nyeusi.

Tisa ya mwisho ilikuwa nyeupe. Na kuizunguka, duara dogo la uweupe, mfano wa ukucha wa mtoto.

Nikaisugua kwa kidole. Nikaipeleka juani. Nikaitemea mate, nikaifuta tena. Haikubadilika. Mvuke wa yai ulikuwa umeipaka rangi fedha yote, ukaacha pale ambapo si fedha. Pale palikuwa na lehemu.

Hapakuhitajika Mumbai wala wapimaji. Bhandari alikuwa amesema kweli.

Nikakaa kando ya tangi la maji. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "Sumatilal." Mara ya kwanza nimemwita hivyo, kama mtu anayemwita mshitakiwa. "Sumatilal, ulijua?"

Maana hilo nalo halikujibiwa. Huenda naye aliuziwa. Huenda alimwamini mtu, akaipenda, akaja kuuona ukweli baadaye kwa kioo chake, akashindwa kuipeleka. Au aliibandika yeye. Yai linaweza kukuonyesha lehemu, lakini halikuonyeshi mkono ulioitia.

Niliamua jambo moja. Rupia hii haiendi popote. Nitaitupa katika mto Khan, nitasema imeibiwa, waseme watakavyosema. Bora jina lenye shaka kuliko jina lililokwisha hukumiwa.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka chini.

"Sulochana! Shuka, mwanangu! Tuna mgeni!"

Nikashuka na rupia imefumbatwa mkononi. Sebuleni, chini ya picha ya marehemu yenye shada la maua, alisimama Trilok Bhandari, boksi la halua kwapani.

* * *

Alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia.

"Jai Jinendra, shemeji."

Sikuitikia salamu yake. "Umefuata nini?"

"Mwaka mpya. Kila mwaka siku hii nilikuwa nakuja."

"Kila mwaka ulikuwa na mtu wa kumjia."

Akainamisha kichwa. Mama mkwe akapiga kofi ukingo wa kitanda. "Mkwe! Mgeni wa mwaka mpya hafokewi. Keti, Trilok."

Hakuketi. Akaiweka ile halua chini ya picha, akasimama pale akiwa ametupa mgongo. 

"Tangu afe sijafungua kabati langu la sarafu," alisema. "Sikuja kubishana, shemeji. Kama tisa ni halali au si halali, sijali tena. Siku ile ningeweza kumvuta pembeni nikamwambia, 'Sumati, hebu iangalie vizuri.' Miaka arobaini ya urafiki ilinipa haki hiyo. Mimi nikasimama juu ya kiti nikamwambia mbele ya watu. Kwa nini? Kwa sababu yeye alikuwa na ya 1939 na mimi sina."

Akageuka. Uso ulikuwa umelowa.

"Kesho kwenye maonyesho nitasimama kwenye kiti kile kile. Nitasema nilikosea, na kwamba nilisema kwa wivu. Nawe usiipeleke kwa wapimaji. Hakuna haja. Nani atabisha nikishasema mwenyewe?"

Jamani. Mnaelewa nilichoambiwa? Mtu aliyemuua mume wangu kwa kusema kweli alikuwa amekuja kumfufua kwa kusema uongo, naye hajui kwamba ni uongo. Na mimi ninayejua, ushahidi ulikuwa kiganjani unanichoma.

Nikataka kusema ndiyo. Nikataka kumbusu miguu. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari.

"Naomba kitu kimoja tu," akasema. "Niishike mara moja. Sitaki kioo. Niliitukana bila hata kuishika."

"Haipo hapa," nikasema.

"Ipo," mama mkwe akasema kutoka kitandani. "Mkono wake umefumba tangu aingie. Nasikia bangili za mkono mmoja tu. Mpe, mwanangu. Amekuja kwa wema."

Nikafumbua mkono.

Bhandari aliichukua kwa vidole viwili, ukingoni, kama wanavyoshika wao. Akamtazama mfalme. Akatabasamu kidogo. Akaigeuza.

Nikaona kidole gumba chake kikitafuta mwaka. Kikasimama.

Akasogea dirishani. Akasimama huko, amenipa kisogo. Kisha akavipeleka vidole vyake puani, taratibu. Alipogeuka aliniangalia mimi, si rupia. Alijua kila kitu. Alijua ile tisa, alijua na yai.

Nikaunganisha viganja vyangu mbele yake, kimya kimya. Mama mkwe haoni, nikashukuru.

"Trilok," mama mkwe akaita. "Wewe ni mtu wa fani. Niambie mimi mama yake. Ni ya kweli?"

Bhandari akaigeuza tena upande wa mfalme. Wajaini tuna nadhiri, na kusema kweli ni mojawapo. Baba yake alikuwa mtu wa hekaluni mpaka kufa.

"Ni ya kweli, Mama," akasema.

Kikongwe yule akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akapapasa hewani, Bhandari akampa mkono, akaushika akaubusu. "Nilijua! Nilimzaa mimi, ningekosaje kujua? Nipe, nipe niishike."

Akapewa. Akaipandisha kwenye paji la uso. Pua yake ikacheza kidogo.

"Fataki za mwaka huu," akasema, "zimeingia hadi kwenye fedha."

Akaishusha, akaifumba kiganjani.

"Basi kesho ipelekwe kwa wapimaji."

Nikasogea hadi kitandani pake. "Mama, hakuna haja. Ndugu Bhandari atasema mbele ya wote."

"Hakuna haja, Mama," Bhandari akadakia, sauti imempanda. "Neno langu linatosha."

"Neno lako?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, na huo ndio uliotumaliza. "Trilok, mwanangu, neno lako tulilisikia wakati wa mvua. Ukilibadilisha leo watu watasema Sulochana amekulilia, au tumekununua. Neno lako halina muhuri. Zamani nilikuwa naogopa. Nilisikia mnavyonong'ona, nikasema moyoni, labda mtoto wangu kweli alibandika. Usiku nilikuwa nikijiuliza. Mama mzima, najiuliza! Sasa wewe mwenyewe uliyemshitaki umeishika na umesema ni ya kweli. Tunaogopa nini tena? Mtu hupeleka sarafu kupimwa anapokuwa hana hofu. Nataka niguse kile kisanduku cha plastiki kabla sijafa. Nataka nikifa niwekewe mkononi, niende nikamwonyeshe mwanangu."

Akaitia rupia kwenye ncha ya sari yake nyeupe, akafunga fundo, akafunga na la pili juu yake, akalichomeka kiunoni.

"Nitaikabidhi mwenyewe," akasema. "Wewe Trilok utanishika mkono huu, mkwe wangu huu. Watuone wote watatu."

Nikamtazama Bhandari. Nikatikisa kichwa. Sijui nilikuwa namsihi aseme ukweli pale pale au anyamaze milele. Hadi leo ninapowaandikia sijui.

Alilitazama lile fundo. Kisha akainama, akamgusa mama mkwe wangu miguu.

"Kesho saa nne nitaleta gari, Mama," akasema.